Bao la Kumi

Kila jioni akitoka shuleni, Linet alivua sare, akafua soksi zake, akaosha vyombo, akapembua maharagwe na kuyaweka jikoni yachemke. Alifanya yote hayo mbiombio, mkono mmoja ukikimbilia kazi ya pili kabla ule mwingine haujamaliza ya kwanza. Kisha alisimama mlangoni akaangalia nje, na hapo ndipo uchungu ulipomwanza. Kazi zilikuwa zimeisha, jua lilikuwa bado juu, na hakukuwa na mtu hata mmoja wa kucheza naye.

Linet alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mwezi wa kwanza alikuwa ametoka kwao Kabuchai, katika kaunti ya Bungoma, akaja Kitale kuishi na shangazi yake, Mary Ann, fundi wa kushona sare za shule. Alimwita Senge, kama Wabukusu wanavyomwita shangazi. Senge alikuwa mtu wa kazi nyingi na maneno machache, na nyumba yake ilikuwa na kila kitu isipokuwa kelele.

Kule Kabuchai jioni haiwezi kupita kimya. Miwa ikishakatwa na matrekta kuondoka, mahali pa kupakilia hubaki peupe, na watoto hufika bila kuitwa. Hakuna kocha, hakuna filimbi, hakuna jezi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, mipira yao hutengenezwa kwa matambara na soksi zilizotoboka, ikafungwa kwa kamba za gunia mpaka ikakaza. Wasichana na wavulana hucheza pamoja, wakubwa kwa wadogo, na anayelia anaruhusiwa kwenda kulilia kwao.

Mtaa wa Migunga pale Kitale ulikuwa na kiwanja kizuri kuliko hicho. Nyumba za ghorofa zilikizunguka pande tatu, na upande wa nne ulikuwa ua wa kayaba, ule mti wa miiba. Aliyegawa ploti za mtaa huo zamani alikiacha wazi ili watoto wachezee. Lakini sasa nyasi zilikuwa zimefika magotini, milingoti ya magoli ilikuwa imeanguka na kuoza, na waliokitumia kila siku walikuwa mbuzi.

Si kwamba mtaa haukuwa na watoto. Asubuhi walijaa njiani na mikoba yao kama siafu, na jioni milango ikawameza. Mmoja yuko kwenye masomo ya ziada, mwingine yuko mbele ya runinga, wa tatu ameinamia simu ya mama yake mpaka shingo inamuuma. Watu wazima walipita wakijisifu kwamba mtaa wao ni mtulivu sana. Utulivu gani huo? Mahali penye watoto wengi namna ile pakiwa kimya, mimi ningemwita daktari.

Jumapili moja ya mwezi wa tatu, Linet na shangazi yake walipotoka kanisani, Bi Zulekha alibisha hodi. Bi Zulekha alikuwa na duka karibu na msikiti, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya mtaa. Alikuwa mama mtu mzima asiyependa kuzunguka katika maneno.

"Mary Ann, nimekuja kukupa habari tu," alisema bila kukaa. "Jumamosi Mzee Gichuki analeta trekta. Kile kiwanja kinalimwa, kinapandwa mahindi. Kamati imekubali, na yeye ametuahidi magunia mawili matatu ya mahindi ya uji wa watoto wa chekechea."

Senge aliitikia kwa kichwa. Hakuona ajabu yoyote. Mvua ya masika ikikaribia, mtu wa Kitale akiona ardhi iliyo wazi mikono humwasha. Watu hupanda mahindi kando ya barabara, nyuma ya vyoo, hata chini ya nguzo za umeme.

"Na watoto watacheza wapi?" Linet aliuliza.

Bi Zulekha alimgeukia polepole. "Watoto gani, mjukuu wangu?"

Linet alitazama nje dirishani. Mbuzi mmoja alikuwa akitafuna nyasi pale ambapo goli lilipaswa kuwa.

"Mimi," alisema mwishowe.

"Wewe ni mmoja. Nikiwaambia wanakamati kwamba kuna watoto wanaocheza hapo, wataniuliza wako wapi. Mwaka mzima macho yangu yameona mbuzi. Siku nikiona watoto, nitasema nimeona watoto."

Bi Zulekha alipokwenda zake, Senge alianza kukata sukuma wiki. "Linet, hayo ni mambo ya wakubwa. Usijiingize."

"Lakini Senge, kiwanja ni chetu."

"Kilikuwa chenu," Senge alisema, akaendelea kukata.

Neno hilo lilimuuma Linet. Alikasirika. Alimkasirikia Mzee Gichuki, akaikasirikia kamati, kisha akawakasirikia zaidi wale watoto waliojifungia ndani wakati kitu chao kinachukuliwa. Alijua kwamba kiwanja kikishalimwa mara moja, mwaka ujao kitalimwa tena, na hakuna atakayekumbuka kilikuwa cha nani. Na yeye angebaki kusimama mlangoni kila jioni mpaka amalize shule.

Jumatatu jioni, kazi za nyumbani zilipoisha, Linet alichukua fyekeo la shangazi yake akaingia kiwanjani. Aliwahamisha mbuzi, akaanza kufyeka kutoka katikati akienda nje. Kabla hajafika mbali viganja vilikuwa vimeota malengelenge. Kwenye baraza za ghorofani watoto walichungulia mmoja mmoja. Salman, mjukuu wa Bi Zulekha, mvulana wa rika lake, aliegemea ukuta na simu mkononi.

"Niaje, wa Kabuchai," aliita kutoka juu. "Unakatia ng'ombe gani nyasi?"

Watoto wakacheka.

"Nasafisha kiwanja," Linet alijibu bila kuinua kichwa.

"Ya nini, na Jumamosi inalimwa?"

"Leo ni Jumatatu."

Salman akarudi kwenye simu yake. Linet alifyeka mpaka Senge alipomwita ndani.

Jumanne alikuja na mpira. Alikuwa ameutengeneza kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye cherehani ya shangazi yake, kwa hiyo ulikuwa na rangi ya sare za nusu ya shule za Kitale. Aliupiga kwenye ukuta wa tangi la maji, ukarudi, akaupiga tena. Dufu, dufu, dufu. Sauti hiyo ilisikika mtaa mzima, na baada ya muda Salman alishuka ngazi.

"Hiyo ni mpira ama ni kitunguu?" aliuliza.

"Kuja uipige ndio ujue."

Salman alikuwa bingwa wa kandanda ya kwenye simu. Shuleni hakuna aliyemweza. Vidole gumba vyake vilikuwa vimefunga mabao yasiyohesabika. Aliitia simu mfukoni, akarudi nyuma, akaja mbio na kuupiga mpira teke. Mguu ulipita juu, mpira ukabaki ulipokuwa, na yeye akakaa chini bila kupenda. Aliinuka haraka, akauchukua na kuukimbiza mpaka kwenye ua wa kayaba. Aliporudi alikuwa ameshika kiuno na kuhema.

"Si ni hii joto, bana," alisema.

"Joto gani, na jua limeingia mawinguni? Ni miguu imesahau."

Salman alimkazia macho. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba miguu yake ilikuwa na kasoro, na ubaya wa maneno hayo ni kwamba yalikuwa kweli. "Kesho nitakuonyesha," alisema.

"Kesho usikuje peke yako."

Jumatano alikuja na wenzake. Kulikuwa na Jerono, msichana mrefu wa nyumba ya kona, ambaye mama yake alikubali atoke mradi awe amemaliza kazi ya shule kwanza. Kulikuwa na Shamira, dada mdogo wa Salman, mtoto wa darasa la pili ambaye hakuna aliyemwalika. Wengine walikuja kwa sababu ya kelele. Wakasimama pale, mikono mifukoni, wakisubiri.

"Tunasubiri nini?" Linet aliuliza.

"Refa ni nani?" Jerono akasema.

"Na kocha?" mwingine akauliza. "Tunavaa jezi gani?"

Linet aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kumbe watoto hawa walidhani mchezo ni kitu kinacholetwa na mtu mzima, na asipokuja, basi hakuna mchezo. Akawaonyesha jinsi wanavyofanya Kabuchai. Yeye na Salman wakawa manahodha. Wengine wakagawanyika wawili wawili waliolingana nguvu, kila jozi ikajitenga kando na kupeana majina ya siri, kisha ikarudi na kuuliza, "Chapati au mandazi?" Salman akachagua chapati, akampata Jerono. Linet akachukua mandazi. Magoli yakawa viatu vinne. Wakibishana kuhusu rafu, manahodha wanaamua, na wakishindwa kuamua mpira unarushwa juu. Na hakuna kuangalia saa: anayefikisha mabao kumi kwanza ameshinda.

"Kumi inamaliza," Linet alisema. "Hiyo haibadiliki."

Walicheza vibaya sana. Walikimbilia mpira wote kwa pamoja, walianguka, walifunga goli lao wenyewe. Lakini walipiga kelele kama watu waliokuwa wamefungwa midomo mwaka mzima. Baba mmoja alitoka kwenye baraza akafoka, "Nyinyi watoto, hapa si soko." Walinyamaza kidogo, kisha wakasahau.

Jioni hiyo Senge alimngoja mlangoni. "Watu wanasema nimewaletea mtoto wa kuharibu mtaa."

Linet aliinamisha kichwa, lakini hakunyamaza. "Senge, vyombo nimeosha. Maharagwe yako jikoni. Kazi ya shule iko mezani, unaweza kuitazama. Kama kuna kitu sijafanya niambie nikifanye, halafu niruhusu kesho nirudi."

Shangazi yake alichungulia ndani, kwenye meza. Linet hakujua kama angechapwa au angesamehewa.

"Siku maharagwe yakiungua, utanieleza," Senge alisema. Hiyo ndiyo iliyokuwa ruhusa.

Siku iliyofuata Mzee Gichuki alikuja kuangalia udongo. Alikuwa mwanamume mnene mwenye sauti ya upole, na mtaani walimheshimu kwa sababu akisema neno alilitimiza. Alichukua udongo mkononi, akausaga kwa vidole, akatabasamu.

"Mnacheza, watoto? Vizuri. Jumamosi mtafute kwingine."

"Kwingine ni wapi, Mzee?" Linet aliuliza kwa adabu.

Mzee Gichuki alitazama huku na huku. Upande mmoja nyumba, upande mwingine nyumba, nje ya lango barabara ya malori. Alipangusa udongo mkononi. "Basi mtakaa ndani kidogo tu, mpaka tuvune," alisema, akaenda zake akiwa hana furaha sana. Kuvuna huko kungekuwa Novemba.

Jumamosi asubuhi walikuwa kiwanjani mapema. Kikosi cha Salman na kikosi cha Linet vilikuwa vimeshafungana mara kadhaa wakati trekta lilipoingia langoni likinguruma. Aliyeliendesha alikuwa kijana aitwaye Kiptum. Mzee Gichuki alitembea mbele akiwa amevaa gambuti zake za shambani. Watoto waliendelea kucheza. Trekta likasimama ukingoni, na hakuna aliyeondoka.

"Habari zenu," Mzee Gichuki alisema. "Mechi inaisha saa ngapi?"

"Kumi inamaliza, Mzee," Salman alijibu. "Sisi tuko na tano, wao wako na nne."

Mzee alicheka. "Hata mimi nilikuwa golikipa zamani, kule Kachibora. Mechi ya mtu haivunjwi katikati. Haya, fikisheni kumi, halafu mnipishe. Kiptum, zima injini."

Injini ikazimwa. Watoto walicheza, na safari hii walicheza vizuri, kwa sababu miguu ilikuwa imeanza kukumbuka. Jerono alifunga kwa kisigino. Linet alifunga mawili mfululizo. Watu waliosikia trekta likiingia kisha likanyamaza walitoka kuangalia kuna nini, na wakabaki. Wengine walileta viti. Hatimaye matokeo yakawa tisa kwa tisa.

Hapo Salman aliwaita wote katikati, akanong'ona. "Sikieni. Amesema tukifikisha kumi ndio tutoke. Si basi tusifikishe? Hakuna mtu kufunga. Tutacheza mpaka jioni, na kesho pia."

Wote wakacheka kwa chini. Hata Linet alicheka. Ulikuwa mpango mzuri, na kwa muda ulifanya kazi. Salman alifika mbele ya goli, akaupiga mpira pembeni makusudi. Jerono alibaki yeye na kipa, akageuka na kurudisha nyuma. Kipa aliudaka mpira uliokuwa ukienda nje. Mzee Gichuki alikuwa ameketi kwenye gurudumu la trekta, na mwanzoni alisikitika nao kila walipokosa. Baadaye akaacha kusikitika, akakunja mikono kifuani. Alikuwa ameelewa, lakini neno lake lilikuwa limeshamtoka kinywani, na akakaa hapo hapo, uso umemwiva.

Muda ulipita. Kelele zilikufa. Watoto walipasiana mpira kama watu wanaopasiana chungu cha moto, kila mmoja akitaka umtoke. Wale waliokuwa wameleta viti walianza kuviinua.

Shamira, ambaye hakuelewa lolote kuhusu mpango ule, alimvuta Linet shati. "Mbona mmeacha kucheza?"

"Tunacheza," Linet alisema.

"Hapana. Mnatembea tu."

Linet aliona aibu mpaka masikioni. Mtoto wa darasa la pili alikuwa ameona kile ambacho wao wote walikuwa wakikificha. Kiwanja walikuwa nacho chini ya miguu yao, na mchezo haukuwepo tena. Mechi ya uongo ya mpaka jioni, na nyingine ya uongo kesho, ingekuwa na faida gani? Hasira ilimpanda, na mara hii alijikasirikia mwenyewe.

Mpira ulimfikia. Mbele yake goli la viatu viwili lilikuwa wazi na kipa alikuwa akifunga kamba ya raba. Salman alimwona, akatikisa kichwa kwa nguvu. Linet aliupiga mpira kwa mguu wa kulia, chini chini, ukapita katikati ya viatu.

Salman akaja mbio. "Umefanya nini? Umetuuza."

"Kumi imefika," Linet alisema.

Jerono alianza kulia. Kiptum alipanda trekta, na injini ikanguruma. Linet akauchukua mpira, akautia kwapani, akatembea mpaka mbele ya Mzee Gichuki. Alijua kila mtu anamwangalia.

"Mzee, ulisema tumalize, tukamaliza," alisema kwa sauti iliyopita ile ya injini. "Wewe umetimiza neno lako. Sasa mimi nakwambia neno letu, na sikuambii kwa ujanja. Hatutoki."

Mzee Gichuki aliinua mkono, Kiptum akazima injini tena.

"Mngeweza kuniweka hapa mpaka jua litue," alisema. "Nilikuwa nimejifunga mwenyewe. Kwa nini ulifunga?"

"Kwa sababu tulikuwa tunadanganya. Tunataka kiwanja cha kucheza, na tulikuwa tumeacha kucheza. Kama ni kukataa, ni heri nikatae nikikuangalia machoni. Hiki kiwanja kiliachiwa watoto. Hakuna mtu alikuja kutuuliza."

"Wewe mtoto, unajua unazungumza na nani?" Baba yule wa baraza alifoka kutoka kwenye kiti chake.

Mzee Gichuki hakumjali. Alijikuna kidevu. "Tufanye hivi. Nipe nusu. Nilime upande wa kayaba, nyinyi mcheze upande wa nyumba."

"Nusu ya kiwanja tutapiga mpira kwa mahindi yako kila siku, Mzee. Utatuchukia, na sisi tutakuchukia." Linet alipumua. "Hapana."

Wakati huo Senge alitoka katikati ya watu. Linet alimwona akija kwa hatua ndefu, akajua yamekwisha. Ataburutwa kwa sikio mbele ya mtaa mzima. Alifumba macho. Hakuguswa. Alipoyafumbua, Senge alikuwa amesimama ubavuni mwake, amevua viatu, miguu peku kwenye nyasi zilizokatwa.

"Hata mimi sitoki," Senge alisema. Halafu, kwa kuwa watu walikuwa bado wanamngoja aseme zaidi, akaongeza, "Tangu Jumatano huyu mtoto analala vizuri na anakula vizuri. Nyumba yangu imekuwa na mtu ndani."

Jerono alipangusa machozi akaja kusimama nao. Akaja kipa, akaja Shamira. Salman alikuwa wa mwisho. Alikuja amekunja uso, akasimama upande wa pili wa Linet bila kumwangalia, lakini alisimama.

Bi Zulekha alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki tangu bao la saba. Aliinuka, akawaita wanakamati waliokuwepo. "Jumapili iliyopita niliulizwa watoto watacheza wapi, nami nikauliza watoto gani. Leo nimewaona. Anayetaka trekta liingie anyooshe mkono."

Watu walitazamana. Yule baba wa baraza, naye akiwa mwanakamati, aliinua mkono nusu, akamwona mwanawe mwenyewe katikati ya kiwanja, magoti yamejaa udongo na uso unang'aa kwa jasho, akaushusha.

"Na uji wa chekechea?" Mzee Gichuki aliuliza.

"Uji tutachanga wenyewe. Wale watoto ni wetu."

Mzee Gichuki alitazama kile kiwanja kwa mara ya mwisho, udongo mzuri namna ile, akatoa pumzi ndefu. Hakujifanya kwamba hakuumia. "Niliona nyasi, Bi Zulekha. Mimi ni mkulima, nikiona nyasi naona shamba. Kama ningekuta watoto, nisingeomba." Akamgeukia Linet. "Na wewe, kama ungeendelea na ule ujanja, ningengoja mpaka usiku, halafu ningelima kwa hasira. Kiptum, geuza. Tuende ile ploti ya Kachibora."

Trekta lilipotoka langoni, watoto walipiga kelele mpaka mbuzi wakakata kamba. Bi Zulekha aliwangoja wanyamaze, na walipochelewa kunyamaza akawanyamazisha.

"Nisikilizeni, na nyinyi wazazi msikie pia," alisema. "Mwaka mzima tulifurahia kimya cha hawa watoto. Tukawapa simu ili wasitusumbue, tukawafungia ndani, tukaita hiyo adabu. Mjukuu wangu mimi mwenyewe alikuwa hawezi kukimbia kutoka hapa mpaka kwenye ua. Kosa hilo ni letu. Lakini nyinyi watoto nanyi mlikaa tu, mkingoja mtu awaletee mchezo mlangoni. Kitu ni chako ukikitumia na ukikitunza. Mkikiacha, mwingine atakiona hakina mwenyewe, na hatakuwa mwizi. Na leo mmekipata kwa sababu mwenzenu alikuwa na uwezo wa kushinda kwa hila, akakataa, akasimama na kusema wazi anachotaka. Ukikataa jambo, likatae hivyo. Mkirudi kwenye simu zenu na nyasi zikaota tena, msije dukani kwangu kunililia."

Salman alimgusa Linet begani kwa ngumi. Bado hakuwa ametabasamu. "Nataka marudiano," alisema. "Lile bao lilikuwa la kuvizia."

"Kipa wako alikuwa anafunga viatu. Hiyo ni shida yako."

"Basi chagua. Chapati au mandazi?"

Wakaanza kubishana pale pale, wote kwa pamoja, mbele ya Bi Zulekha ambaye alikuwa bado anataka kusema jambo kuhusu afya. Alijaribu mara mbili, sauti yake ikamezwa. Mwishowe aliinua mikono yote miwili.

"Ondokeni mbele yangu," alisema. "Nendeni mkacheze."